Shukrani kwa mzee aliyetuokolea ukuta

Mzee wangu, hukutaka jina lako litajwe, basi nalihifadhi. Ila wema wako lazima upate mashahidi.

Tulihamia nyumba hii kuukuu ya mawe huku shambani tukiwa na watoto, na vikohozi vyao havikuisha. Ukuta wa chumba chao ulitoka jasho, rangi ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Fundi tuliyemwita alitaka kuongeza plasta ya saruji juu ya ile iliyokuwapo.

Wewe ulikuwa unapita tu. Uliomba ruhusa, ukagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukasikiliza. "Huu umejengwa kwa chokaa," ukasema. "Saruji inaufungia maji ndani."

Kesho yake ukarudi na patasi zako. Ulibandua saruji kipande kwa kipande, ukaondoa udongo uliorundikana nje hadi ukawa chini ya usawa wa sakafu. Kisha ukamfundisha mume wangu kuchanganya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, kulowesha mawe kwanza, kupiga tabaka jembamba na kulifunika kwa magunia yenye maji lisikauke haraka. Kunyunyizia magunia ulimwachia binti yangu. Hadi leo anajiita fundi!

Hela ulizikataa katakata. Ulichukua tu fremu ya dirisha tuliyotaka kuichoma, eti mbao zake bado nzima.

Wenye ujuzi wa mikono, mkiona nyumba kuukuu inakarabatiwa, bisheni hodi. Nawe mzee, chumba cha nyuma bado kina saruji. Patasi tumenunua, njoo utusimamie tu.