Kikao cha ruzuku: siku imebadilika

Habari za jioni, wapendwa. Kikao chetu cha mtandaoni sasa ni Jumatano saa 11 jioni, si Ijumaa tena. Chuo kikuu kinafunga kupokea maombi ya ruzuku ya utafiti Ijumaa hiyohiyo saa 6 mchana, na tukichelewa tutabaki kulaumiana.

Kabla ya kikao:

1. Someni bajeti, ukurasa wa 4. Malipo yetu sisi tuliopitia uraibu na maradhi ya akili yameandikwa "chai na nauli". Watafiti mishahara, sisi chai! Naona tudai malipo ya saa kama washauri wengine.

2. Fomu ya ridhaa (ya mtu kukubali kushiriki utafiti): neno "mateja" litoke, iwe "watu wenye uraibu". Pia iseme wazi kuwa mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

Utangulizi uko sawa. Ile takwimu ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2019, kwamba mtu 1 kati ya 8 duniani anaishi na maradhi ya akili, ibaki.

Asiyetaka kusimulia yake asilazimike, kusikiliza kunatosha.

Tafadhali jibu NIPO au SIPO kabla ya Jumanne saa 2 usiku, nitume kiungo.