Mwanangu, treni yako ina vioo vingi na vitanda vichache

Mwanangu,

Mchoro wako wa treni ya ndoto, ile ya usiku toka Mombasa mpaka Nairobi, nimeupata na nimeukuza kwa simu mpaka macho yakauma. Hongera, mkono umetulia siku hizi. Lakini wacha nikwambie kama mamako, hiyo ulochora bado haijakuwa treni, ni mabehewa mazuri yamefungwa pamoja tu. Mabehewa matano yenye kuba la vioo, moja la piano, moja la kuogea, afu nikihesabu vitanda havifiki hata ishirini. Hao abiria wengine walale wapi, juu ya piano?

Najua umeyatoa wapi hayo makuba. Hapo Toronto unaiona ile treni ya Canadian inayokwenda Vancouver, na yale mabehewa ya chuma cha pua yalotengenezwa na kampuni ya Budd, yako barabarani tangu 1955 na mpaka leo watu wanalala ndani yake. Siwezi kukulaumu, ni mazuri. Ila ujue kuba lilikujaje. Mwaka 1944 mkubwa mmoja wa General Motors, Cyrus Osborn, alipanda kwenye kichwa cha dizeli akapita korongo la Glenwood kule Colorado, akaona kumbe dereva ndo anaona kila kitu na abiria alolipa nauli anaona ukuta wa mawe tu. Mwaka uliofuata reli ya Burlington ikalipasua paa behewa moja ikaweka vioo. Ilipofika 1949 treni ya California Zephyr ikaanza Chicago mpaka Oakland na makuba matano, na mtu akiona matano anadhani mbwembwe, kumbe ratiba yenyewe ilipangwa treni ipite milima ya Rocky mchana, na korongo la Feather River mchana pia. Kwanza saa, halafu vioo.

Sasa yako umeandika inatoka Mombasa saa moja jioni. Saa moja mwanangu! Jua lishazama. Makuba matano ya kutazama nini, giza la nyika ya Taru?

Kwa hivyo futa yote tuanze na saa. Inatoka saa moja jioni, inaingia Nairobi kama saa mbili asubuhi, kilomita 530 hivi kwa reli ya zamani, na huko kote inapanda, toka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 1,600. Masaa kumi na tatu njiani. Usicheke eti ni polepole, treni ya usiku ikiwahi sana inawashusha watu saa tisa usiku, nani anataka? Wenye haraka reli mpya ya SGR iko tangu 2017.

Kichwa umepatia, hapo sina neno. Garratt wa 59, kile kichwa cha mvuke cha reli ya Afrika Mashariki, rangi ya damu ya mzee, ndo mwenyewe. Beyer Peacock wa Manchester walitengeneza 34, miaka ya 1955 na 1956, kila mmoja tani kama 250, kwenye reli ya mita moja tu, na hakukuwa na mvuke mkubwa kuliko huo kwenye reli za upana huo. Siri yake ni boila kuning'inizwa katikati ya injini mbili, moja mbele moja nyuma, uzito unagawanyika kwa magurudumu mengi na kwenye kona dude lote linajipinda. Na boila kwa vile halina magurudumu chini yake linaweza kunenepa litakavyo. Waliitwa majina ya milima, na wawili bado wako makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, milima ya Tanzania yote miwili, maana reli ilikuwa yetu sote mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Wewe chagua jina la mlima wako.

Ila hayo mabehewa ya Budd usiyafunge nyuma yake hivyo hivyo. Yale ni ya reli pana, milimita 1,435, yetu ni 1,000. Najua ni ndoto, lakini hata ndotoni gurudumu sharti likae juu ya reli. Chukua wazo lao uchore jembamba, na kuba liwe fupi.

Sasa chakula, na hapa ndo nataka unisikize vizuri. Umeliweka behewa la chakula mwisho kabisa, eti kwa sababu ya mandhari. Hapana. Unajua kazi ya chakula cha usiku kwenye treni ile ya zamani? Mhudumu anapita ukumbini na kale ka-marimba kake kadogo anagonga ting ting ting, watu wanatoka vyumbani kwenda kula, na huku nyuma wahudumu wa matandiko wanaingia, wanashusha kitanda cha juu, wanatandika shuka na blanketi, na kale kameza kenye karai la kunawia chini yake kanafutwa. Ukirudi umeshiba, kitanda kinakungoja. Kwa hivyo wasipokula hakuna kulala! Ndo maana behewa la chakula linakaa katikati, daraja la kwanza huku na la pili kule, ili mtu asitembee treni nzima amevaa kandambili.

Piga hesabu. Meza za watu 40, wale kwa mikupuo mitatu, hao ni 120. Daraja la kwanza mabehewa mawili, vyumba tisa kila moja, wawili wawili, 36. La pili mabehewa matatu, vyumba saba saba, wanne wanne, 84. Jumla 120. Ukiongeza behewa moja la kulala ujue mkupuo wa nne utakula saa tano usiku, na mpishi atakuachia treni Voi.

Daraja la tatu umelisahau kabisa na hilo limeniudhi kidogo. Zamani za ukoloni la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi, sisi kwenye mbao huko mbele karibu na moshi. Sitaki treni ya ndoto isiyo na la tatu, nataka la tatu ambalo watu wanafika mgongo haujafa. Mabehewa mawili, viti sitini sitini vya kulaza nyuma, na bafe yao wenyewe ilo wazi usiku kucha, mahamri, mbaazi, chai ya maziwa, mishkaki kama jiko linaruhusu. Na yeyote wa la kwanza akisikia harufu aje, alipe kama wengine.

Kuba nakupa moja, mwisho wa treni. Alfajiri treni iko uwanda wa Athi, jua linatoka upande wa nyuma kwa sababu tunakwenda magharibi, pundamilia wako kulia na kushoto, na watu wana kikombe mkononi. Hayo ni masaa mawili tu ya kutazama, behewa moja linatosha, watu wapokezane. Piano toa, inapoteza sauti kwa mtikisiko. Bafu weka moja kila behewa la kulala basi.

Afu kitu cha mwisho. Wapishi, wahudumu, makondakta, umewaweka wapi? Hata ile California Zephyr ilikuwa na behewa ambalo juu kuba, ndani bafe, na sehemu yake vitanda vya wafanyakazi. Wewe kata nusu ya lile behewa la mizigo nyuma ya kichwa, weka vitanda vya ngazi tatu tatu na choo chao, ukuta uwe mnene kwa sababu Garratt hanyamazi.

Ukimaliza nitumie faili kubwa, si ile ya WhatsApp, nikiikuza inakuwa ukungu. Na uandike namba za mabehewa, babako anataka kujua lake ni lipi.

Mamako