Risala kwa Mgeni Rasmi: Fuwele Mikononi mwa Watoto wa Madarasa ya Chini

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwalimu mkuu,
Wajumbe wa kamati ya shule,
Walimu wenzetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutufungulia maonesho ya kazi za mikono za watoto wa darasa la awali, la kwanza na la pili. Kabla hujapita mezani, tunaomba dakika chache tukueleze kilichopo, kinavyotengenezwa na kinavyoharibika. Kwenye kuharibika tutakawia kidogo, maana maelekezo mengi ya majaribio haya ya kuotesha fuwele hueleza mambo yanavyokwenda vizuri tu, na mwalimu likimharibikia hudhani kosa ni lake.

Mgeni rasmi, fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpango mmoja unaojirudia, kama nakshi ya mkeka inavyojirudia kutoka ukingo hadi ukingo. Sentensi hiyo ni sahihi, na kwa mtoto wa miaka sita haina maana yoyote. Kwa hiyo sisi huiweka mwisho. Mtoto kwanza ahesabu nyuso, kisha ajenge umbo, kisha alinganishe alichojenga na kilichoota chenyewe. Jina litakuja baadaye.

Meza ya kwanza ni ya chumvi. Mtoto wa Bagamoyo au Lindi ameyaona mashamba ya chumvi kabla hajajua kusoma, na mwalimu hushawishika kuanza na ndoo ya maji ya bahari. Hapo ndipo pa kwanza kukwama. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila aina, wakati maji hushiba chumvi yakifika gramu 360 hivi kwa lita. Lazima sehemu kama tisa kati ya kumi za maji hayo zipae ndipo punje za chumvi zianze kuonekana. Karai hukaa juani siku nyingi bila dalili, na siku ya tatu mtu hulimwaga.

Darasani tunaanza na maji yaliyokwisha kushiba. Neno hilo hatukulitafuta mbali: mtoto akiongeza kijiko kimoja zaidi, akakoroga, na chumvi ikabaki chini, mwenyewe husema maji yameshiba. Chukua robo lita ya maji ya vuguvugu na gramu 90 za chumvi ya mawe iliyotwangwa, yaani vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa. Koroga kwa dakika tano, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kisha mimina kwenye mfuniko mweusi wa ndoo hadi kina kifike nusu sentimita, si zaidi. Weusi ni wa kumsaidia mtoto kuona. Weka juu ya kabati pasipotikisika. Baada ya siku tatu hadi tano utakuta vijisanduku vya nyuso sita, na vingine vina shimo la ngazi katikati kama faneli, kwa sababu kingo huota haraka kuliko katikati ya uso.

Makosa ya meza hii ni manne. La kwanza ni haraka: ukianika kwenye jua kali au ukichemsha hadi pakauke, unapata unga mweupe, maana chembe hazikupewa muda wa kujipanga. La pili ni kungoja maji yapoe. Maelekezo ya sukari na shabu husema yeyusha kwenye maji ya moto, acha yapoe, fuwele zitatokea. Chumvi haifuati hilo. Mililita 100 za maji hubeba gramu 36 za chumvi yakiwa na joto la kawaida, na gramu 39 tu yakichemka, kwa hiyo yakipoa hayana cha kutoa. Chumvi hutoka kwa maji kupaa. La tatu ni chumvi laini ya pakiti: aina nyingi zina dawa ya kuzuia isigandamane, na dawa hiyo huweza kuifanya ichanue matawi badala ya kuota vijisanduku. La nne ni letu sisi wa pwani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huvuta maji kutoka hewani na kuloa. Wakati wa masika sahani iliyokauka jioni huamkia imelowa. Hapo dawa ni kuhamisha punje nzuri mapema na kuzitia kwenye chupa yenye mchele mkavu, au kuahirisha somo hadi kiangazi.

Meza hiyo ina pia punje kubwa za chumvi ya mawe na lenzi. Mwalimu, si mtoto, huweka wembe sambamba na uso mmoja na kugonga kidogo kwa nyuma. Punje hupasuka kwa uso ulionyooka, na kila kipande ni kisanduku kingine. Pembeni kuna pipi iliyovunjwa. Mtoto akiitazama kwa lenzi haoni uso wa bapa hata mmoja, ni mikunjo na ncha za ovyo kama kigae cha chupa. Kisha tunampa sukari ya kikombeni aitazame: nyuso bapa tele. Pipi imetokana na sukari, lakini chembe zake zimegandishwa kabla hazijajipanga. Mama anayepika shira ya kaimati na kukamulia ndimu anafanya kazi hiyo hiyo. Uchachu huvunja sehemu ya sukari ikawa sukari za aina nyingine, na mchanganyiko huo hushindwa kujipanga, ndiyo maana shira hairudi kuwa punje.

Meza ya pili ndiyo inayopendwa. Ni shabu, ile ile ya sokoni ya kutuliza maji ya tope, ambayo vinyozi huipaka kidevuni. Twanga gramu 60, yeyusha kwenye robo lita ya maji ya moto, chuja, funika kwa karatasi na uache usiku kucha. Asubuhi chini kutakuwa na fuwele ndogo. Chagua moja iliyo angavu, yenye ukubwa wa punje ya mchele: hiyo ndiyo mbegu. Mimina maji yale kwenye chupa safi, bila machicha, kisha ning'iniza mbegu katikati kwa mshipi mwembamba wa kuvulia. Usitumie uzi wa pamba, kwa sababu nyuzi zake zenye manyoya huotesha fuwele kila mahali na mbegu ikakosa chakula.

Mbegu ikitoweka, watoto husema imeibiwa. Haikuibiwa. Shabu, tofauti na chumvi, huyeyuka zaidi sana maji yakipata joto. Chumba kikipata joto adhuhuri, maji yaliyoshiba asubuhi hupata njaa tena na kuila mbegu. Weka chupa ndani ya ndoo ya maji ili joto lisipande na kushuka upesi, mbali na dirisha, na usitie mbegu siku ile ile uliyopika. Ikienda vizuri, kwa wiki moja au mbili utapata umbo la nyuso nane, kila uso pembetatu, kama piramidi mbili zilizogusana vitako. Shabu hailiwi, watoto hunawa mikono, na maji ya moto hushikwa na mwalimu peke yake.

Tunajua mrututu hutoa fuwele za buluu zinazovutia kuliko hizi zote. Tumeukataa, kwa kuwa ni sumu na watoto wa umri huu hutia vidole mdomoni. Fuwele kubwa za sukari nazo tumeziacha, kwa sababu ya sisimizi. Anayetaka kuzijaribu aweke chupa katikati ya sahani ya maji, kama kinavyowekwa chungu cha asali.

Meza ya tatu ina gololi na machungwa. Mimina gololi 40 za ukubwa mmoja kwenye trei bapa, inamisha kidogo upande mmoja na utikise taratibu. Zitajipanga zenyewe. Mtoto aweke moja ya rangi tofauti katikati na ahesabu majirani wanaoigusa: sita. Safu ya pili hukaa kwenye mabonde ya safu ya kwanza, tatu zinaigusa kwa juu, na kama kuna safu chini, tatu kwa chini. Jumla majirani 12. Muuza machungwa anajua kazi hii: fungu la manne, matatu chini na moja juu. Ukitaka la 20, weka 10, kisha 6, kisha 3, kisha 1, na uzungushie vitabu vitatu chini ili kitako kisitawanyike. Johannes Kepler wa Ujerumani aliandika mwaka 1611 kwamba hakuna namna ya kubananisha mipira iliyo sawa inayoizidi hiyo. Uthibitisho wake ulitolewa na Thomas Hales wa Marekani mwaka 1998. Muuza machungwa hakuungoja.

Tafadhali, mgeni rasmi, utupie gololi moja kubwa kwenye trei utakapofika. Utaona safu zinavunjika kuizunguka na ufa unakimbilia ukingoni. Fuwele za kweli nazo zina kasoro za namna hiyo.

Meza ya nne ni dengu na vijiti vya kuchokolea meno. Dengu hulowekwa kwa muda wa saa 10 hivi. Zikizidi sana hupasuka. Kwa dengu 8 na vijiti 12 mtoto hujenga mchemraba. Kwa dengu 6 na vijiti 12 hujenga lile umbo la nyuso nane la shabu. Vijiti ni 12 huku na 12 kule, lakini ukisukuma mchemraba kwa kidole unalala ubavu, na umbo la pili halitikisiki. Fundi anayepiga kenchi za paa angekujibu sababu bila kufikiri: pembetatu haina pa kwenda. Mchemraba unaweza kukazwa kwa vijiti sita vya mshazari, kimoja kila uso, ila vile vya meno havifiki. Upande wa sentimita 6.5 unataka mshazari wa sentimita 9 na kidogo, hivyo tunakata vijiti vya mishikaki.

Jaribio la kusukuma lifanyike siku ile ile. Dengu zikikauka hubana vijiti, na kesho yake hata mchemraba husimama imara. Na mwalimu asiwaambie watoto kwamba kila dengu ni chembe moja ya shabu. Umbo la dengu linaonesha sura ya nje. Mpangilio wa ndani unaoneshwa na gololi, tena kwa mfano tu.

Kazi hii ya punje na vijiti si geni katika chekechea. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea na kuipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto, mwaka 1840, aliiweka miongoni mwa vifaa vyake pamoja na mipira na michemraba ya mbao. Kati ya mwaka 1814 na 1816 alikuwa msaidizi wa Christian Samuel Weiss katika makumbusho ya madini mjini Berlin, akishughulika na fuwele.

Mgeni rasmi, tuna maombi matatu. Mizani moja ya jikoni inayopima hadi gramu moja, kwa sababu kijiko cha huyu si kijiko cha yule. Lenzi za mkono 10. Sasa zipo mbili, na mtoto wa mwisho kwenye foleni hufikiwa kengele ikigonga. La tatu halina gharama ila ni zito zaidi: kipindi ni dakika 30 na fuwele inahitaji siku tano. Tunaomba walimu waruhusiwe kugawa somo hili katika dakika kumi kumi kila asubuhi kwa wiki moja, na mtoto apimwe kwa mchoro wake wa kila siku badala ya kukariri maana ya neno fuwele.

Sasa karibu mezani. Sahani ya tatu kwenye meza ya kwanza bado haijakauka. Tunaomba isisogezwe hadi Jumatatu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.