Kuhusu hilo jina lenu la tisheti

Oya Musa mwanangu,

Shwari? Voisi yako nimeisikilizia kwenye mwendokasi, kelele za cherehani kibao ila nimekupata. Yaani mnataka kusajili "Uswazi" kama alama ya biashara kwa BRELA, wale wasajili wa biashara, ili mtu mwingine asiprinti, na mnachoogopa ni kuambiwa jina linadhalilisha watu. Mi naona mnaogopa kitu sicho.

Subiri nikupe stori ya Wamarekani. Kuna bendi ya vijana wenye asili ya Asia inaitwa The Slants, hilo ni tusi Waasia wanatupiwa kisa macho yao, jamaa wakalichukua wakajiita wenyewe, kama nyie tu na uswazi yenu. Kiongozi wao Simon Tam akaenda kulisajili wakamgomea, sheria yao ya 1946 ilikuwa inakataza alama inayodharau watu. Akakomaa mpaka Mahakama ya Juu, na 2017 majaji wote nane waliokaa kwenye kesi wakampa. Serikali si ilijitetea eti alama ikishasajiliwa inakuwa kauli ya serikali, Jaji Alito akajibu kama ndo hivyo basi serikali inaropoka tu, maana madude iliyoyasajili hayana kichwa wala miguu 😂 Halafu 2019 jamaa mwingine, Brunetti, naye akashinda na brandi yake ya nguo, FUCT, inayotamkika kama tusi la Kiingereza, ambayo siwezi kuisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe.

Sasa watu wengi wanaishia hapo, uhuru wa kusema umeshinda, makofi. Mi hapo ndo nagoma. Tam hata aliponyimwa usajili alikuwa anapiga shoo kwa jina lilelile, hakuna aliyemziba mdomo. Kinachoziba midomo ni cheti chenyewe, kwa sababu ukishakipata unaanza kuwazuia wenzio.

Ndo maana ile kesi ya 2024 naielewa kabisa. Steve Elster alitaka kusajili "Trump too small", yaani Trump mdogo mno, kwa ajili ya tisheti za kumtania, akanyimwa, huwezi kusajili jina la mtu aliye hai bila ridhaa yake, na safari hii majaji wote wakasema sawa anyimwe. Auze tisheti zake mpaka achoke, ruksa, ila wangempa alama basi kila mwenye utani kama huo angekuwa anamuogopa yeye. Siasa na utani wa watu unamilikishaje mtu mmoja bwana?

Na sisi yametukuta. Hakuna matata, maneno ya bibi zetu, Disney wameyasajili kule Marekani kwa ajili ya tisheti tangu 2003, watu wakaja kulipuka 2018 huko mitandaoni. Ukweli hakuna anayekamatwa kwa kuyasema, lakini ukitaka kupeleka mzigo wa tisheti zenye hayo maneno Marekani utawaza mara mbili.

Kwa hiyo ishu yako siyo kama uswazi ni tusi. Kweli sheria yetu ya alama ya 1986 nayo ina kipengele cha maadili, afisa akiamka vibaya anaweza akakubania, na hapo ukitaja Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, niko upande wako. Lakini akikupa je? Yule dogo wa Tandale anayeprinti "Uswazi Kwetu" na mashine ya mkopo utamwandikia barua ya wakili? Maana usajili unakaa miaka saba, halafu unahuisha kumi kumi, siyo kitu cha wiki mbili.

Mi ningekuwa nyie ningesajili ule mchoro wa kuku juu ya bati, ule mkali kinoma na ni wa kwenu kweli, jogoo kageuza shingo utadhani anadaiwa kodi. Mwombeeni daraja la 25, ndo la nguo, na neno mliache liandikwe tu kifuani kama wengine. Na ukumbuke BRELA ni Bara tu, kama mna mpango wa kuuza Zanzibar kule wana usajili wao.

Ongea na Shabani kabla hamjalipia, najua yeye anataka neno. Akibisha mpe simu niongee naye.

Wako,
Juma