Wafinyanzi nao wana majina

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya wachoraji wa Hangar, ile shule ya uchoraji, akina Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, waliokusanywa hapa Lubumbashi na Mfaransa Romain-Desfossés tangu 1946. Nimeifurahia. Ila mwandishi wenu anaifanya Hangar kuwa mwanzo wa sanaa ya Katanga, na hapo tunaachana. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yaliyofukuliwa mwaka 1957 na 1958 yalikuwa na wafu waliozikwa pamoja na vyungu vyao, vingine vya karibu miaka elfu moja. Waliovifinyanga hatumjui hata mmoja kwa jina. Hao wa kale tusamehewe. Wa leo je?

Chukueni mfano wa mfinyanzi Mnijeria, Ladi Kwali. Alizaliwa yapata 1925 katika kijiji cha Kwali, ambako ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Mtungi wa maji aliujenga bila gurudumu, kamba ya udongo juu ya kamba, mtungi umetulia chini na yeye ndiye anayeuzunguka. Ubavuni alichora mijusi, nge na mamba. Mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew aliiona mitungi yake kwa emiri wa Abuja (mji unaoitwa leo Suleja) mwaka 1950, na mwaka 1954 mama huyo akaingia katika karakana ya Cardew, mwanamke wa kwanza humo. Gurudumu alijifunza pia, lakini mitungi mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilipakwa dawa inayogeuka kioo motoni, ikachomwa katika tanuru kali.

Mtu anaweza kulalamika hapo, na ana haki: mtungi uliovikwa kioo hautoi jasho, na usiotoa jasho haupozi maji. Unakuwa pambo la sebuleni. Mimi silalamiki sana, kwa sababu pambo hilo lilibeba jina la aliyelitengeneza. Alialikwa Uingereza na Marekani kufinyanga mbele ya watu, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa udaktari wa heshima mwaka 1977, na leo, ingawa alifariki 1984, yuko nyuma ya noti ya naira 20. Mkenya Magdalene Odundo naye alipitia karakana hiyo mwaka 1974, na kazi zake sasa ziko British Museum.

Sisi hatudai noti. Tunaomba ukurasa mmoja. Mtumeni mwandishi kwa wamama wanaofinyanga, wangali hai na mikono ingali na nguvu. Awaulize udongo wanauchimba wapi, wanauchanganya na nini, nani aliwafundisha, kuni za kuchomea zinagharimu franka ngapi, na wanafanyaje msimu wa mvua vyungu vinapokataa kukauka. Na chini ya picha aandike jina kamili la mama, siyo "mfinyanzi wa kijijini". Mwandishi akikosa njia, niko tayari kumsindikiza.

Msomaji wenu,
Komine ya Kenya, Lubumbashi