Mkondo wa vyombo utengewe fedha kila mwaka

Mhariri,

Mkondo wa vyombo, yaani njia iliyochimbwa chini ya maji ili mashua na meli zipite, karibu na pwani hujaa mchanga tena hata ukichimbwa vizuri namna gani. Mawimbi husukuma mchanga kandokando ya ufuo. Ukifika mlangoni mwa mkondo, maji yanapopungua kasi, hutua na kujenga fungu la mchanga. Ndiyo maana tunaomba fedha za kila mwaka, si mradi wa kuzinduliwa na kusahauliwa.

Kina kihesabiwe kwa maji ya kupwa kwa bamvua, yaani maji yanaposhuka chini kabisa. Kilichopimwa maji yamejaa humdanganya nahodha: chombo ambacho sehemu yake iliyo ndani ya maji ni mita 1.5 kitapita asubuhi na kukwama mchana. Chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, pabaki angalau nusu mita, kwani mawimbi hukiinua na kukishusha chombo, na mwendo wa kasi hukididimiza zaidi. Kisha ichimbwe akiba ya sentimita 30 hivi, ili mchanga wa miezi ya mwanzo upate pa kulala.

Kingo zisikatwe wima, zitaporomoka. Kwa kila mita 1 ya kwenda chini, mteremko uende pembeni mita 3 au zaidi. Mchanga safi urudishwe kwenye ufuo unaoliwa. Tope la karibu na gati lipimwe sumu kwanza, na kamwe lisimwagwe mikokoni: likifunika mizizi inayopumua, mikoko hufa.

Maboya nayo yahamishwe kila fungu linapohama. Boya lililoachwa mahali pa zamani ni hatari kuliko kutokuwa na boya, hasa usiku.