Yah: Dai ya beji (chapa ya chuma ya kugongea beji) niliyoleta nzima ikarudi na magamba

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii uisome mwenyewe, isiishie mezani kwa msimamizi wenu wa tanuri, kwa sababu ndiye ninayemlalamikia.

Nilileta dai kwenu muiivishe kwa moto iwe ngumu. Kadi ya kazi waliijaza watu wenu: chuma cha zana aina ya D2, nyuzi 1,020, kifungwe kwenye foili ya stenlesi kisiguswe na hewa. Stakabadhi inaonyesha nimelipia foili hiyo shilingi 35,000, mbali na moto. Dai yangu ya kugongea beji za shule imerudi nyeusi, magamba yanabanduka kwa ukucha. Magamba ya namna ile hayatoki ndani ya foili iliyokunjwa kingo mara mbili. Ni hewa ya tanuri imekilamba chuma kikiwa chekundu. Kama foili iliwaishia, si mngeifukia kwenye unga wa mkaa ndani ya boksi la chuma? Au mngenipigia simu, nikaja kuchukua mzigo wangu.

Jumanne nilitoa tupa mfukoni pale kaunta, nikaipitisha kwenye ukingo wa uso wa dai. Ikauma. Chuma kilichoiva tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Msimamizi akanipokonya dai, akaigeuza, akasaga kidoa mgongoni kwa grainda, akaipima ugumu. Ikasoma 60 kwa kipimo cha Rockwell, yaani ngumu. Akasema: "Mzee, imepita. Ukitaka ing'ae kapake mafuta ya nazi."

Meneja, pale mgongoni alishaiondoa ile ngozi laini iliyopoteza kaboni, inayokipa chuma ugumu, ndiyo maana akapata 60! Mimi sigongi beji kwa mgongo. Usoni kuna herufi nilizochonga siku tisa, na pale hakusagiki bila kufuta jina la shule. Herufi R imeshaliwa mguu, inasomeka kama P.

Na siku ya kupokea mzigo, kijana wenu alinionyesha rola ya foili kwa mkono wake, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, mzee, siku tatu tu." Zikawa kumi na moja.

Narudia la Jumanne kwa sababu halijanitoka. Nilipomwambia apime usoni, si mgongoni, msimamizi alicheka kwanza, kisha akapaza sauti hadi dada wa malipo akainuka kutazama: "Basi chuma chako ni cha skrepa." Dakika moja nyuma kilikuwa kimepita kwa 60, sasa ni skrepa! Pembeni yangu alisimama mwanangu, ninayemfundisha kazi, aliyenishikia taa na lenzi siku zote tisa. Mafuta ya nazi, mbele ya mtoto. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai shilingi 185,000 zangu tu, foili ikiwemo. Hazitoshi. Nataka kipande kipya cha D2 cha vipimo vilevile, na malipo ya siku tisa za kuchonga. Nataka pia msimamizi amwombe radhi mwanangu pale pale kaunta, kwa sauti ileile aliyoitumia. Msinipe ahadi ya kuipika dai hii upya: kaboni iliyotoka na mguu wa R havirudi kwa moto wa pili.

Nawapa siku saba. Siku ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani na stakabadhi ya foili ambayo haikutumika, na nikitoka hapo nakwenda kwa wakili, na gharama zake nitaziongeza kwenye hesabu yenu.

Kwa sasa dai iko juu ya meza karakanani kwangu, tupa pembeni yake. Mafundi wengi wa hapa huleta vyuma vyao kwenu. Kila anayeingia namwambia ajaribu mwenyewe.

Wenu,
Fundi dai, Gerezani
Dar es Salaam